Petroli ya Alfajiri na Shilingi Tatu za Kipevu

ATHUMANI: Tunarekodi? Haya. Dada yangu, tarehe 15 asubuhi nimepanda tuktuk Kongowea hadi Mwembe Tayari, nauli imeongezwa 20. Namuuliza kijana, ananiambia, "Kaka, hukusikiliza redio jana usiku?"

MWANAISHA: Na petroli ilikuwa imepanda ngapi?

ATHUMANI: Tatu.

MWANAISHA: Tatu kwa lita, na wewe ukatolewa 20.

ATHUMANI: Hesabu yenyewe ndiyo hiyo. Tuktuk ambayo kabureta yake haijachokorwachokorwa inakwenda kama kilomita 25 kwa lita. Safari ile tuiweke kilomita 5. Imekunywa mililita 200. Nyongeza yake ni senti 60. Senti, si shilingi!

MWANAISHA: Ngoja nimtetee. Jioni mwenye chombo anataka hesabu yake, biashara iwe imelala au imeamka. Kijana akichoma lita 7 kwa siku, nyongeza ni shilingi 21...

ATHUMANI: Kwa hivyo mimi peke yangu nimemlipia karibu siku nzima. Hapo umemtetea au umemshitaki?

MWANAISHA: (anacheka) Wa pili analipia oili, wa tatu analipia tairi. Vitu hivyo vilipanda zamani, ila hakuwa na siku ya kumwambia abiria. Sukari hupanda kimyakimya, duka hili leo, duka lile kesho. Petroli, EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wanaitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, usiku wa manane inaanza, nchi nzima imesikia. Mwenye nauli, mwenye nyanya, mwenye maji ya mkokoteni, wote wamepewa tarehe.

ATHUMANI: Na ikishuka?

MWANAISHA: Siku hiyo redio imeharibika. Sasa, leo tumeahidi mambo matano ya kupunguza matumizi ya mafuta. La kwanza...

ATHUMANI: La kwanza, nunua alfajiri.

MWANAISHA: Yarabi. Wasikilizaji, mnamjua huyu na alfajiri yake.

ATHUMANI: Yakhe, petroli hutanuka kwa joto! Mchana wa Mombasa unauziwa mafuta yaliyovimba.

MWANAISHA: Hutanuka, sibishi. Kila digrii moja, kama asilimia 0.1. Lakini tangi la kituo limefukiwa, joto lake halifuati jua la saa saba. Haya, nikuonee huruma, tuseme tofauti ni digrii 5. Hiyo ni nusu asilimia. Wewe huweka ya ngapi?

ATHUMANI: Mia tano.

MWANAISHA: Tuseme lita ni 180. Mia tano ni lita 2.78. Nusu asilimia yake ni mililita 14. Kijiko cha chakula, Athumani! Umeuacha usingizi kwa kijiko kimoja cha petroli.

ATHUMANI: Mara siku 30 ni vijiko 30.

MWANAISHA: Chini ya nusu lita. Na kuwasha injini kwenda kituoni na kurudi?

ATHUMANI: Nakipitia njiani.

MWANAISHA: Basi angalia mahali vijiko vinapomwagika kweli. Umesema ya 1,000. Mhudumu anakata kwenye 200, "samahani, nilisikia mia mbili." Anaendelea, pampu inafika 800, anakwambia 200 na 800 ni 1,000. Hakurudisha sifuri! Umepata ya 800. Shilingi 200 zimekwenda, zaidi ya lita nzima.

ATHUMANI: Vijiko vingapi hivyo?

MWANAISHA: Sabini na kitu. Shuka garini, simama mbele ya pampu. Sifuri kwanza, halafu bei ya lita iwe ile ya ubaoni, halafu soma lita, usisome shilingi. Elfu moja gawa kwa 180 ni 5.56. Skrini ikionyesha 4.44, umepewa ya 800. Na ukishuku pampu yenyewe, uliza kile chombo cha kupimia cha lita 20. Jagi la plastiki halithibitishi kitu.

ATHUMANI: Sawa, lakini hata mhudumu awe malaika, Mombasa tunaonewa. Meli ya mafuta inashuka Kipevu, hapa hapa bandarini. Matangi yako Shimanzi, yako Changamwe. Malori ya mafuta yanatuzibia barabara sisi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilisimama 2013, ajira zikaenda. Halafu tofauti ya bei yetu na ya Nairobi ni shilingi tatu na senti kwa lita!

MWANAISHA: Kwa sababu kusukuma lita moja kwa bomba hadi Nairobi hakugharimu zaidi ya hapo. Bomba lipo tangu 1978, kilomita 450. Bei kubwa ni ya meli na ya kodi, na hizo ni sawa Mombasa na Mandera. Ushuru wa bidhaa karibu shilingi 22 kwa lita. Tozo ya barabara ilitoka 18 ikawa 25 mwaka 2024. Tozo ya maendeleo ya petroli 5.40. VAT ilitoka asilimia 8 ikawa 16 Julai 2023, na inapigwa juu ya hizo nyingine. Oktoba mwaka huo Nairobi walifika 217.36. Hapo ndipo pa kulalamikia.

ATHUMANI: Nalalamikia kote. Mji unaobeba moshi na hatari upunguziwe tozo.

MWANAISHA: Na Turkana wakisema mafuta yako chini ya miguu yao?

ATHUMANI: Wapunguziwe pia.

MWANAISHA: Na Mandera, wanaoletewa kwa lori jangwani? Ukimpunguzia kila aliye karibu, pengo anajaza aliye mbali, na aliye mbali ndiye maskini zaidi.

ATHUMANI: Pengo ajaze aliyeweka tozo.

MWANAISHA: Hilo ni la kodi, si la Mombasa.

ATHUMANI: Kwangu ni moja.

MWANAISHA: Kwangu ni mawili, na ukiyachanganya hakuna atakayekujibu hata moja.

ATHUMANI: Hawajibu hata yakitenganishwa.

MWANAISHA: ...Haya.

ATHUMANI: Haya.

MWANAISHA: Na yule anayeuliza mbona bei ya dunia imeshuka wiki hii na yetu imekaa pale pale: EPRA wanahesabu shehena zilizokwisha kufika, na zinalipwa kwa dola. Dola ilipita 160 Januari 2024, baadaye ikashuka karibu 130. Ya wiki hii subiri tangazo lijalo, pengine hata la baadaye.

ATHUMANI: Tumebakiwa na dakika mbili, na mambo matano hayajaanza.

MWANAISHA: Basi upepo tu. Pima tairi likiwa baridi, kabla hujatembea, maana likipata moto kipimo kinapanda. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile ya ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa. Zote nne zikipungua psi 10, unachoma kama asilimia 2 zaidi.

ATHUMANI: Asilimia 2! Mara nne ya alfajiri yangu.

MWANAISHA: Umesema wewe.

ATHUMANI: Na kabureta? Na kichujio cha hewa?

MWANAISHA: Kichujio kichafu kwa injini ya kabureta kinakula mafuta, ya sindano kinaiondolea nguvu zaidi kuliko... Fundi mitambo ananionyesha mkono. Kata, kata.