Mshahara wa Kibarua Mgeni Hausubiri Mavuno

Mhadhara uliotolewa Kasulu, mkoani Kigoma, mbele ya wakulima, wafanyabiashara na wenyeviti wa vijiji

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, na ninyi nyote mlioacha mashamba na maduka yenu kuja kunisikiliza, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie mshahara, saa za kazi na likizo za wafanyakazi wanaotoka nje ya nchi. Wanaonifahamu wanajua kwamba nitalikalia la kwanza hadi mwenyekiti aanze kutazama saa, kwa sababu malalamiko yanayonifikia, kutoka Manyovu hadi Kibondo, karibu yote huanzia hapo.

Sina haja ya kuwaeleza kwa nini Warundi wanavuka kuja kulima kwetu. Mnajua kuliko mimi, na wengi wenu mnapatana nao kwa Kiha, wao wakijibu kwa Kirundi, wala hakuna anayehitaji mkalimani. Wepesi huo wa kuelewana umetufanya tuzoee mapatano ya mdomo: utapalilia, utavuna, nami nitakulipa mazao yakishauzwa.

Kuna kisa ambacho nimekwisha kukisimulia mahali pengi, na leo nitakisimulia tena kwa kuwa bado kinatokea. Kijana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alichukuliwa kulima shamba la mahindi na maharage. Alikula kwa mwenye shamba, alilala ghalani, na kila alipoomba fedha kidogo aliambiwa asubiri mavuno, fedha zake ziko salama. Mazao yalipouzwa, hesabu ikaanza: chakula kikakatwa, jembe lililovunjika mpini likakatwa, dawa aliyonunuliwa alipougua malaria ikakatwa, na kilichobaki hakikutosha hata nauli ya kumfikisha mpakani. Alipobisha aliulizwa, "Kibali chako kiko wapi?" Msimu mzima alipokuwa ameinama na jembe, hakuna aliyemwuliza kibali. Alipoanza kudai, ndipo tajiri wake alipogeuka ghafla kuwa afisa Uhamiaji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi alipwe katika siku ya malipo iliyokubaliwa, wakati wa kazi na mahali pa kazi, na apewe maelezo ya maandishi yanayoonyesha alichostahili na kilichokatwa. Najua yupo anayejiambia moyoni kwamba yeye na kibarua wake walikubaliana siku, nayo ni siku ya mavuno. Ndugu yangu, mavuno si tarehe. Mvua ikikatika hayapo, bei ikishuka unayaweka ghalani hadi Desemba, na kibarua hana sauti katika mojawapo ya mambo hayo. Ukimwambia asubiri uuze, umemfanya mbia katika hasara yako, ilhali katika faida hukumpa hisa. Weka tarehe, iwe ya wiki au ya mwezi, na siku hiyo ikifika mlipe.

Kuhusu makato, sheria hiyo hairuhusu mwajiri akate anavyojisikia. Makato yawe yameagizwa au kuruhusiwa na sheria, au na makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, au na amri ya mahakama, au mfanyakazi mwenyewe awe ameridhia kwa maandishi. Chakula ulichomkaribisha kwa maneno ya ukarimu mwezi wa Novemba hakiwezi kugeuka deni mwezi wa Juni.

Sasa nasikia mnong'ono wa pale nyuma: huyu si raia, sheria hiyo ni ya Watanzania. Si kweli. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na utaifa umetajwa humo pamoja na kabila, dini na jinsia. Kazi ni ile ile na palizi ni ile ile, na Mrundi au Mkongomani hapaswi kulipwa pungufu kwa sababu tu ya alikozaliwa.

Hoja ya kibali ni nzito zaidi, na sitaikwepa. Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia inataka mgeni awe na kibali cha kazi, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza kutumika mwaka 2010, halikukifuta. Mahakama zetu zimewahi kukataa kusimamia mkataba wa mgeni asiye na kibali. Lakini sheria hiyo hiyo inamkataza pia mwajiri kumwajiri mgeni wa namna hiyo. Hivyo anayempigia simu Uhamiaji siku ya malipo anatoa taarifa ya kosa lake mwenyewe, akiwa amekwisha kuuza mahindi yaliyolimwa kwa kosa hilo. Mkataba Namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, ambao majirani zetu Kenya na Uganda wameuridhia, unamhifadhia hata asiye na hati haki ya ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya. Msimamo wangu ni huo. Suala la kibali limalizwe kabla jembe halijashikwa, na siku zilizofanyiwa kazi zilipwe.

Kisha andikeni. Ile Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, yenye kazi, mahali, saa na ujira, na kama hayaelewi aelezwe kwa namna anayoielewa. Kiha kinatosha. Likitokea shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo mwenye akili ya biashara angeandika hata kama hana huruma.

Mwenyekiti ameanza kutazama saa, kama nilivyotabiri. Saa za kawaida ni zisizozidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu, ilhali kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili. Fundi anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi kwa wiki ya saa 45 anapata takribani shilingi 2,000 kwa saa, kwa hiyo saa ya ziada ni 3,000 na saa ya siku ya mapumziko ni 4,000. Wenye maduka wanaomfungisha mlango kijana saa nne usiku wakafanye hesabu hiyo nyumbani, wakikumbuka nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo, lakini sheria imemtaja waziwazi kibarua wa msimu kuwa anayo. Hapo ndipo wengi wenu mnaponyamaza. Akiondoka kabla hajaichukua, anastahili ujira wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ya ugonjwa sitaifikia, na habari ya ajira ya wakimbizi wa kambi kama Nyarugusu ina sheria yake ya mwaka 1998, inayohitaji siku nyingine.

Wenyeviti wa vijiji, ninyi ndio mnaoletewa mashauri haya kwanza, basi msiyakalie. Dai la mshahara lifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60, na la kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Kila wiki mnayomwambia mdai arudi Jumatatu inahesabiwa humo. Sasa nipo tayari kwa maswali, na nitashukuru tukianza na yule mzee aliyekuwa akitikisa kichwa nilipotaja mavuno.