Mwanangu Anakaba Tu, Hafungi: Je, Kuna Maisha Huko?

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimewasha kamera kwa sababu ya swali moja la mpira wa kikapu ambalo haliishi kwenye komenti, na safari hii limeulizwa na mama mmoja. "Kijana wangu anajua kukaba lakini hafungi. Huko Marekani atapata timu?" Nimelijibu kwa maandishi mara nyingi. Wengine wakasema nawakatisha tamaa kwa kuwa mimi nimeshafika, wengine wakasema nalalamika tu. Sijisifu na silalamiki. Nasema ninavyoona mimi, na safari ya kila mtu ni yake.

Wote mnanitajia Bruce Bowen, mkabaji wa zamani wa San Antonio kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Sawa, tumzungumzie. Ila nyie mnaanzia mwisho: ubingwa wa 2003, 2005 na 2007, na kikosi cha kwanza cha ulinzi cha ligi, yaani wakabaji watano bora wa msimu, miaka mitano mfululizo. Mimi naanzia 1993. Amemaliza chuo kule Fullerton, California, timu za NBA zimechagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, jina lake halikuitwa. Akaenda kutafuta riziki Ufaransa, akapita kwenye ligi ndogo za hapa Marekani. Mwaka 1997 Miami wakampa mkataba wa siku 10. Siku kumi jamani! Akacheza dakika moja. Alikuwa na miaka 25, na San Antonio alikuja kufika ana miaka 30.

Mkataba wa siku kumi naujua unavyokaa tumboni. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa ghalani usiku kupitia wakala, kila Ijumaa naangalia simu kama Jumatatu nina kazi. Kisha kibali cha kazi kikaisha nikisubiri kipya. Ada nimelipa, alama za vidole nimetoa, fomu ikarudishwa kwa sababu sahihi yangu ilivuka kisanduku. Wiki tisa bila mshahara, na nyumbani watu wanasema nimewasusa. Hilo mpaka leo linaniuma, na waliosema wanajijua. Sitaki huruma. Nataka mzazi ajue kwamba kabla ya zile pete tatu za ubingwa kulikuwa na miaka ya namna hiyo, na mkaba ndiye anayesubiri zaidi, kwa sababu kazi yake haionekani kwenye karatasi ya pointi.

Sasa tazameni fainali ya 2007, San Antonio na Cleveland. Msifuate mpira, fuateni miguu ya Bowen. LeBron James, nyota wa Cleveland, anakuja, na Bowen haruki wala hapapasi mpira. Hatua fupi fupi za pembeni, kifua mbele, mkono mmoja usoni pa mwenzake, anamsukumia upande ambao Tim Duncan, yule mrefu wa San Antonio, amesimama anasubiri. San Antonio walishinda 4-0, na LeBron hakufikisha hata asilimia 40 ya mitupo yake. Hapo ndipo wengi hawaelewi: Bowen alikaba vile kwa sababu nyuma yake kulikuwa na Duncan. Na Tony Parker, mfungaji wao, alibaki na pumzi ya kufunga kwa sababu mtu hatari zaidi wa upande wa pili alikuwa wa Bowen.

Halafu, mama uliyeniuliza, si kweli kwamba alikuwa hafungi. Alichagua sehemu moja, kona ya uwanja, ambako mstari wa pointi tatu uko karibu zaidi na kikapu. Wapinzani wakimkimbilia Duncan, mpira unatupwa kule, Bowen yuko peke yake. Msimu wa 2002-03 aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pointi tatu, 44.1. Msimu huohuo, kwenye mitupo huru, pale ambapo hakuna anayekuzuia, alipata asilimia 40 tu. Alijifunza kitu kimoja ambacho timu ilikihitaji, akakirudia mpaka kikakaa mkononi.

Najua mtaandika kwamba alikuwa mchafu. Wengi walilalamika kwamba anaingiza mguu chini ya mtu anayetua, na hapo simtetei, mtu anavunjika kifundo. Mwaka 2008 alifungiwa mechi moja kwa kumpiga teke Chris Paul wa New Orleans, na mfululizo wake wa mechi 500 bila kukosa hata moja ukakatika hapo.

Mwaka 2009 akauzwa Milwaukee pamoja na wengine ili San Antonio wampate Richard Jefferson. Milwaukee wakamwacha, akastaafu. Jezi yake namba 12 ikatundikwa 2012 kwa heshima, mwingine asiivae tena, na 2015 mchezaji LaMarcus Aldridge alipokuja San Antonio akaitaka namba hiyo, Bowen mwenyewe akakubali aivae.

Kwa hiyo mama, siwezi kukuahidi kitu, na usiuze kiwanja kwa maneno yangu. Nitumie video ya kijana, lakini usinikatie vipande vya vikapu alivyofunga peke yake. Nataka kuona miguu yake mwenzake akiwa na mpira, na nataka kuona dakika za mwisho, akiwa amechoka.