Aliyeijaza Bilauri Naye Aulizwe

Hamjambo, ndugu zangu mlioko Kaloleni, Mombasa na kwingineko nyumbani Kenya. Leo nazungumza nanyi nikiwa bado katika sare ya kazi, kwa sababu jambo lililotokea dukani usiku huu limenirudisha kwenye mabishano ya familia yetu kuhusu Mjomba na pombe yake.

Ilikuwa saa nne na dakika mbili usiku. Mzee mmoja, jirani yetu hapa Glasgow, aliweka mbele yangu mkate na chupa ya wiski. Nilipoipitisha ile chupa, mashine ya malipo iliikataa, kwa kuwa sheria ya Uskoti inaruhusu maduka kuuza vileo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku tu. Nilimwomba radhi. Aliitazama saa ya ukutani, mikono ikimtetemeka kidogo, kisha akairudisha chupa rafuni mwenyewe, akalipia mkate, akaenda zake. Huenda nyumbani ana nyingine. Kilichomsimamisha pale kwangu ni leseni ambayo mwajiri wangu anaogopa kuipoteza.

Kabla sijaruhusiwa kumuuzia mtu hata kopo moja la bia, nilipewa mafunzo ya saa mbili yanayotakiwa kisheria. Nilifundishwa kumdai kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, ingawa umri wa kununua ni 18, na kwamba nikimuuzia mtu aliyekwisha kulewa, mwenye kosa ni mimi. Bei nayo haikuachwa holela. Tangu tarehe 1 Mei 2018, baada ya kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, pombe imewekewa kiwango cha chini cha bei kulingana na kileo kilichomo, na kwa sasa ni peni 65 kwa kila mililita 10 za kileo halisi. Chupa ya wiski ya mililita 700 yenye kileo cha asilimia 40, kama ile ya mzee wangu, haiwezi kuuzwa chini ya pauni 18 na peni 20.

Sitawadanganya kwamba Uskoti imepona. Mwaka 2023 watu 1,277 walifariki kutokana na pombe moja kwa moja, idadi ambayo haikuwa imeonekana tangu 2008. Mwaka huo huo wataalamu wa afya ya umma walikadiria kwamba bei hiyo ilikuwa imepunguza vifo hivyo kwa takriban asilimia 13 kuliko ambavyo vingekuwa bila yake, lakini wakaeleza pia kwamba baadhi ya waliokwisha kutawaliwa na pombe walijinyima chakula ili waimudu. Hao wanahitaji tiba.

Nyumbani, kila nikipiga simu, naambiwa kwamba mtu mzima anajua anachokinywa, basi ajilaumu mwenyewe. Naiheshimu hoja hiyo, maana hata Mjomba hajawahi kumsingizia mtu. Asubuhi, akili ikiwa imemtulia, husema kwamba ni mkono wake ulioinua bilauri. Ila mwenye kibanda cha pombe anakonywea aliendelea kumjazia wakati Mjomba ameshika nguzo ili asianguke, akaandika deni kwenye daftari, na mwisho wa mwezi akaishikilia baiskeli yake. Wajibu wa Mjomba umejadiliwa katika vikao vitatu vya ukoo. Wa mwenye kibanda haujatajwa hata mara moja.

Wahenga waliposema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, jicho lao lilikuwa kwa mwenye kuuza. Siku hizi kinachotiwa ni kikali kuliko maji. Februari 2024, kule Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Methanoli, spiriti yenye sumu inayotiwa kwenye pombe kama hiyo, haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua ndani ya glasi kwa macho, hata awe mwangalifu namna gani.

Na sheria tunayo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliihalalisha chang'aa ili itengenezwe kwa viwango, ikaweka saa za baa na kukataza kutolewa kwa leseni ndani ya mita 300 kutoka shuleni, na katiba ya mwaka huo huo ikazikabidhi kaunti kazi ya leseni. Kinachoniuma ni kwamba misako niliyoishuhudia kwetu nikiwa msichana ilijaza gari la polisi wanywaji, na kesho yake jioni mlango ukawa wazi kama kawaida. Maombi ya leseni hutangazwa, na mkazi ana haki ya kuyapinga kwa maandishi. Ni watu wachache sana ninaowajua waliowahi kuitumia haki hiyo.

Mwezi uliopita nilimwomba Mama atembee kutoka lango la shule ya msingi niliyosoma hadi mlango wa baa mpya iliyo kando ya barabara. Alikwenda na mjukuu wake, wakahesabu kwa sauti, wakafika baada ya hatua 140. Barua yake tumeiandika pamoja kwa simu, na Jumatatu ataipeleka ofisi ya kaunti yeye mwenyewe, akisindikizwa na Mjomba.