Pindua Kwanza, Msasa Baadaye

Ndugu zangu, leo sikuja na msasa. Nimekuja na tochi, futi na kichupa cha spiriti.

Mtu akirithi kabati la bibi yake, mkono humwasha: aikwangue ile rangi iliyofifia, apake vanishi mpya. Kumbe anayenunua samani za kale mara nyingi analipia huo huo uchakavu, yaani vanishi iliyokolea kwa miaka na kingo zilizolainishwa na viganja vya watu. Msasa ukishapita, hakuna fundi wa kuurudisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuing'arisha meza hadi ikafanana na ya dukani, na nikadhani nimeipandisha bei.

Basi kabla ya msasa tujue kwanza kama samani ni ya kale kweli. Tuanzie kusikoonekana, kwa sababu fundi wa zamani hakupoteza nguvu kupiga randa mgongo wa kabati. Chomoa droo, tazama pembeni pale mbao zinaposhikana kwa meno yaliyotanuka kama mkia wa njiwa. Meno machache, yasiyolingana, ni kazi ya mkono. Yakifanana yote, ni ya mashine, na mashine hizo zilienea nusu ya pili ya karne ya 19. Kisha mulika tochi kwa kuilaza chini ya ubao: alama za msumeno zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa duara, nao ulienea karne hiyo hiyo ya 19.

Skrubu nazo husema. Yenye ncha butu na mfereji wa kichwani ulioenda upande huenda ni ya kabla ya miaka ya 1850. Ya kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Lakini skrubu hubadilishwa, kwa hiyo moja tu isikuhukumie kabati zima.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha meza ya duara. Ubao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Pima meza ya mbao halisi kufuata nyuzi, kisha pima kuzikata: ya zamani sana mara nyingi imekuwa yai kidogo. Hilo mghushi hulipata kwa taabu.

Na spiriti? Tone moja, mahali pa kificho. Pakinata, hiyo ni shelaki, vanishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti, iliyotumika sana kabla ya lakka ya nitroselulosi, vanishi ya kemikali, kushika viwanda miaka ya 1920. Uzuri wake, shelaki huyeyuka tena, hivyo nyufa zake hutengenezeka bila kukwangua chochote.

Ukikuta mgongo wa chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, huenda kabati si la kale; endelea na msasa wako kwa amani. Rangi ya zamani tu usiisage kavu, maana huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Haya, kile kiti pale nyuma, hebu kileteni tukipindue.