Rungis: kamji kadogo kanakoilisha Paris (mhadhara)

Asanteni sana ndugu zangu, karibuni, wale mliosimama kule nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Leo naongelea Rungis, na najua wengi humu mnapita pale bila kushuka, umepanda tramu ya T7 toka Villejuif unawahi ndege Orly, unaona maghala, maofisi, malori kibao, unasema hapa hamna kitu. Mimi nawaambia bila haka kamji meza za Paris zingekuwa tupu asubuhi, na zamani hata maji ya kunywa walikuwa wanachota hapa, yaani toka enzi za Warumi mji mkuu umekuwa ukikinga mikono Rungis.

Rungis iko kusini, mkoa wa Val-de-Marne, kama kilomita 7 toka ukingo wa Paris, kilomita za mraba 4 na kidogo, wakazi hawafiki 6,000. Ni kijiji kabisa, kuna kanisa, mashule, vinyumba vya watu. Ila ardhi yake ndo ya kuangalia. Ni uwanda wa juu ulionyooka, wanauita Longboyau, juu kuna mawe yanayopitisha maji na chini yake kuna udongo mzito usiopitisha kitu, sasa mvua ikinyesha maji yanashuka yanafika kwenye ule udongo yanakwama, yanatafuta pa kutokea ubavuni, hizo ndo chemchemi za Rungis na kamji jirani ka Wissous. Warumi waliliona hilo mapema wakajenga mfereji wa kupeleka maji Lutetia, ndo Paris ya wakati huo, kwenye mabafu yao ambayo magofu yake mnayaona mpaka leo pale Cluny. Mfereji ukaja kuharibika, Paris ikarudi kunywa maji ya mto Seine na visima, maji machafu ya kuleta magonjwa. Mwaka 1613 wakaanza kujenga mwingine, jiwe la msingi aliweka mfalme Louis XIII akiwa mtoto wa miaka 11, mwenye nguvu hasa alikuwa mama yake Marie de Médicis aliyetaka maji kwa ajili ya kasri lake la Luxembourg, na sehemu nyingine ikaenda kwenye mabomba ya mjini. Ukakamilika 1623, urefu kama kilomita 13, hamna pampu hata moja, ni mteremko tu, mdogo mdogo, mpaka kuvuka bonde la mto Bièvre kule Arcueil juu ya daraja la matao. Kijumba cha kwanza cha kukagulia maji kiko Rungis na bado kimesimama. Mimi kwangu ile ni kazi ya kuheshimiwa kuliko makasri yote ya wafalme, maana ilimnywesha hata mtu wa kawaida.

Baada ya hapo karne tatu hivi ni ngano na mashamba, sitawachosha. Mambo yalibadilika ulipokuja uwanja wa ndege wa Orly jirani pale, de Gaulle akafungua jengo la Orly-Sud mwaka 1961, barabara kuu zikaja, reli ya kuzunguka Paris ilikuwepo tayari. Na hapo ndo serikali ikaamua kuleta soko.

Naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu kwetu pia tunabishana sana habari za kuhamisha masoko. Soko la chakula la Paris lilikuwa katikati ya mji, Les Halles, toka karne ya 12, miaka kama 800 hiyo, halafu karne ya 19 Victor Baltard akalijengea mabanda yale ya chuma na vioo. Ilifika mahali pamejaa, malori hayapiti, vyumba vya baridi havitoshi, nyama na mboga vinapangwa chini mtaani, panya ndo usiseme. Wakaamua lihamie Rungis kwa sababu kuna ardhi tupu tambarare, barabara, reli na ndege. Uhamisho wenyewe ulifanyika kati ya tarehe 27 Februari na 1 Machi 1969, wakauita uhamisho wa karne, watu 20,000, makampuni 1,000, malori 1,500, na tarehe 3 Machi soko la Rungis likafungua milango. Siku chache tu jamani!

Sasa mtu atasema Wafaransa wana hela ndo maana waliweza. Hela ilikuwepo kweli lakini sio hela tu, maana hiyo hiyo hela waliimwaga La Villette, kaskazini mwa Paris, wakajenga machinjio makubwa ya kisasa wakati nyama ilishaanza kuchinjwa huko huko mikoani na kusafirishwa kwenye malori ya baridi, wakaja kuyafunga 1974, biashara ya nyama nayo ikahamia Rungis 1973, leo La Villette ni makumbusho ya sayansi. Rungis ilifanikiwa kwa sababu serikali iliweka kampuni moja ya kusimamia, Semmaris, tangu 1965, miaka minne kabla ya kuhama, halafu ikakataza biashara ya jumla ya bidhaa zile kufanyika nje ya soko ndani ya eneo la Paris. Mfanyabiashara hakuwa na sababu ya kubaki nyuma maana mnunuzi naye hayupo tena kule. Ukihamisha wauza nyanya ukawaacha wauza vitunguu, soko linakufa, hilo tunalijua wote, mteja hawezi kwenda sehemu mbili usiku mmoja. Walioumia pia wapo, ule mtaa wa Les Halles ulipoteza maisha yake, mabanda yakaanza kubomolewa 1971, likabaki shimo kubwa miaka mingi, banda moja tu ndo liliokolewa likapelekwa Nogent-sur-Marne. Nalisikitikia sana lile soko, ila siwezi kusema walikosea kuhama.

Leo soko lina hekta 234, limezidi nchi nzima ya Monaco, na sehemu yake inaingia Chevilly-Larue. Linaanza na samaki kwenye saa nane usiku, nyama zinafuata, mboga na matunda alfajiri. Masupamaketi makubwa yana mifumo yao ya kununua, kwahiyo anayelishwa na Rungis hasa ni mwenye duka la mtaani, mwenye mgahawa, yule mama wa genge la Jumapili. Na sisi tumo humo, kwenye bei za Rungis utakuta mishiri ya Kenya, yale maharage mabichi ya maganda, na parachichi za Kenya, mzigo wa mishiri umekuja na ndege ukiwa mbichi kabisa. Mkulima wa Mwea kule Kenya anaweza asijue kabisa hili jina, ila bei ikiyumba huku na yeye inamfikia.

Ajira pale sokoni ni zaidi ya watu 10,000, ongeza maofisi ya jirani, kwahiyo kila siku wanaoingia Rungis kufanya kazi ni wengi kuliko wanaolala pale, na kodi za makampuni zimeisaidia sana manispaa. Mzigo nao wanaubeba wao, makelele ya ndege, malori usiku kucha, hata taka zinachomwa pale pale, joto lake linapasha soko na uwanja wa Orly. Mwaka 2020 korona ilipopamba moto, ukumbi mmoja wa soko uligeuzwa kuwa mochwari ya muda. Treni ya mboga ya kutoka Perpignan ilisimama 2019 mizigo ikaingia kwenye malori, ikarudishwa 2021, na naomba sana idumu, reli ilikuwa sababu mojawapo ya kuchagua pale.

Tangu 2024 metro namba 14 inafika Orly, ukitaka soko unashuka Chevilly-Larue. Lakini usiende tu hivi hivi, wanaouziwa ni wenye kadi za biashara, sisi wengine tunaingia kwa ziara ya kupangwa. Mnaotaka niandikieni majina kwenye karatasi hii, tunatoka usiku, makoti meupe na kofia tunapewa kule kule, ila ndani vaeni nguo nzito, ukumbi wa samaki baridi yake sio mchezo.