Msitu wa Amani Una Mteja, Naye Anakaa Tanga Mjini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na jua hili. Nimeombwa niseme namna msitu wa mvua unavyoweza kuleta faida bila kukatwa. Sitakwenda mbali, nitapanda nanyi milima ya Usambara Mashariki, hapo Amani.

Naanza na ua. Mwaka 1892 afisa wa utawala wa Kijerumani huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani. Leo mmea huo umejaa madirishani Ulaya na Marekani, unauzwa kwa mamilioni ya vyungu. Mzee wa Amani ambaye shamba lake limepakana na mwamba ulioota maua yale hajaona hata senti. Kwa hiyo nikisikia kwamba soko litaulinda msitu, huuliza kwanza: muuzaji nani, na fedha inaingia mfuko upi?

Iliki nayo ina soko, tena zuri. Inapenda kivuli, basi mkulima haangushi miti mikubwa, anafyeka chini na kung'oa miche. Ukipita barabarani utaona msitu upo. Kumbe miti ile ikizeeka hakuna ya kuirithi. Miaka kadhaa ikipita udongo unachoka, iliki inapungua, ndipo shoka linaingia na migomba na mihogo kufuata. Sisemi tunywe chai bila iliki, lakini tujue tunakunywa nini.

Vipepeo walikuwa biashara ya akili zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa Amani, wengi wao akina mama, walianza kuwafuga. Unamkamata jike, unamtia ndani ya kizimba cha wavu, anataga, viwavi wanakula majani mpaka wanageuka pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya ganda. (Si ile pupa ya mla kwa pupa, ingawa biashara yenyewe ina haraka zake.) Pupa lazima afike ng'ambo kwa ndege kabla hajaota mbawa, maana wanunuzi ni nyumba za maonyesho ya vipepeo za Ulaya na Marekani. Na hapa ndipo penye uzuri wake: aina nyingi za vipepeo zina mimea yake maalumu, kiwavi hali jani lolote tu. Mama aliyekuwa akikata kichaka fulani kwa kuni akaanza kukipanda uani. Hakuna semina iliyomfundisha hivyo, ni mapato.

Kisha mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kipepeo naye ni mnyamapori. Uamuzi mmoja, na vizimba vikabaki vitupu. Nawaelewa waliotaka kukomesha magendo ya wanyama. Ila mfugaji wa Amani hakuwa na mteja mwingine, na mteja wake alikuwa mbali mno kumtetea.

Sasa tazameni bomba lenu. Maji ya jiji hili yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na Zigi chemchemi zake ziko katika misitu hiyo hiyo. Mkulima akilima hadi ukingoni, tope linashuka, bwawa linajaa udongo, dawa ya kusafishia maji inaongezeka. Mnalipa tayari, ila mnalipia tope. Mteja wa namna hii hawezi kuhamia msitu mwingine, wala hahitaji ndege.

Badala ya kulipia tope, tungeweza kumlipa mkulima atunze msitu. Costa Rica, kule Amerika ya Kati, walifanya hivi. Sheria yao ya misitu ya 1996 ilitenga sehemu ya kodi ya mafuta ya magari kuwalipa wenye mashamba wanaotunza miti. Mji wa Heredia ukaongeza kiasi kidogo kwenye ankara ya maji kwa kazi hiyo hiyo.

Nasi si wageni wa soko la mitaji. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa watu kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5. Watu wakanunua zaidi ya kilichotakiwa. Anayenunua hatifungani ile, ajue asijue, anaweka dau kwamba Zigi utatiririka miaka 10 ijayo.

Tufanye hesabu ya kubuni tu. Kaya 50,000, kila moja yuniti 10 za maji kwa mwezi, tuongeze shilingi 20 juu ya kila yuniti. Ni milioni 10 kwa mwezi, milioni 120 kwa mwaka. Wakulima 600 wa kingo za Zigi wangepata laki mbili kila mmoja, kwa sharti kwamba mita kadhaa kutoka mtoni haziguswi na jembe, na wakaguzi ni wanakijiji wenyewe. Si utajiri. Pengine haishindi hata iliki mwaka bei ikipanda, na hapo inabidi tuongeze shilingi, tusimlaumu mkulima.

Najua mtauliza fedha hizo zitapitia kwa nani. Ndilo swali langu la ua lile. Mzee hapo mbele ameshanyoosha mkono, tuanze naye.