Mwanangu Anahamia Kwako

Ndugu zangu, nianze na karatasi. Mpangaji wa New York anarudi kutoka kazini, anakuta notisi mlangoni: mkataba wako ukiisha sikuongezei, mwanangu anahamia humo. Hadaiwi kodi, hana kosa lolote.

Nazungumzia fleti ambazo kodi yake hupangiwa kikomo na bodi ya jiji kila mwaka, na mpangaji ana haki ya kuongezewa mkataba. Ni karibu milioni moja, nyingi zikiwa katika majengo ya kabla ya 1974. Haki hiyo ina tundu, nalo ni familia ya mwenye nyumba.

Zamani tundu hilo lilikuwa lango. Ilitosha mwenye nyumba awe na nia ya kweli ya kuishi humo. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya New York iliruhusu familia moja kuchukua jengo zima la East Third Street, lenye fleti 15, liwe makazi yao. Fleti kumi na tano! Hukumu ile huniuma kila nikiisoma, maana majaji waliisoma sheria kama ilivyoandikwa. Ubaya ulikuwa katika sheria yenyewe.

Juni 2019 bunge la jimbo liliibana. Sasa ni fleti moja tu, na kutaka hakutoshi. Lazima kuwe na haja kubwa isiyongoja. Kesi huamuliwa hapo. Wewe kijana, sasa hivi unalala wapi? Mbona hukuchukua ile iliyo wazi ghorofa ya pili? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayotenganisha haja na tamaa.

Wanaohesabiwa kuwa familia ni mwenzi wa ndoa, wazazi, watoto, kaka na dada, babu na bibi, wajukuu, wakwe. Mjomba hayumo, binamu hayumo. Kampuni nayo haina mtoto, haiwezi kudai.

Mpangaji akiwa na miaka 62 au zaidi, au ana ulemavu, au amekaa humo miaka 15, mwenye nyumba hamtoi mpaka ampatie makao mengine ya hadhi ileile au bora, karibu na hapo, kwa kodi isiyozidi anayolipa. Kwa bibi kizee ambaye kliniki yake na majirani zake wako mtaa huohuo, neno "karibu" ni uhai.

Basi ukiikuta karatasi hiyo, usifunge mizigo. Tazama tarehe: inatakiwa ikufikie kati ya siku 150 na 90 kabla mkataba haujaisha. Halafu tafuta wakili. Na ukishatoka, ukagundua ulidanganywa kuhusu huyo mwana, sheria ya 2019 inakuruhusu kudai fidia mahakamani.